Blogu yako ya kwanza: makala kumi kwanza, kufungua baadaye

Blogu iliyotelekezwa huitambua kwa mbali. Nembo imechorwa vizuri, rangi zimepangika, anwani imelipiwa, na ndani mna makala tano: ya kwanza ni "Karibuni kwenye blogu yangu", ya mwisho inaomba radhi kwa ukimya. Mwenyewe alimaliza hamu kwenye kupamba, na siku ya kuandika ilipofika hakuwa na la kusema. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia upande wa pili. Mambo ya kompyuta yapo, tena kwa kina, lakini yanakuja baada ya kazi yenyewe.

Jambo jembamba, maswali thelathini

"Blogu ya afya, michezo, mapenzi na ujasiriamali" haina msomaji. Anayetafuta matokeo ya mechi ana mahali pake, na mwenye mtoto anayeharisha hatarudi kesho kusoma ushauri wa mapenzi. Chukua jambo moja, kisha lipunguze mara moja zaidi. Tutumie mfano mmoja mpaka mwisho: pikipiki. "Mambo ya pikipiki" bado ni pana. "Kutunza pikipiki ya bodaboda inayopiga kazi kila siku" ni jembamba, na kila mwenye chombo anajua mara moja kama hapo ni kwake.

Sasa jipime. Zima data, chukua daftari, andika maswali 30 ambayo watu huuliza kuhusu jambo hilo, kwa maneno wanayoyatumia wao. Yawe maswali, si mada. "Oili" ni mada. "Oili imwagwe baada ya kilomita ngapi kama nabeba mizigo?" ni swali. Ukikwama kwenye la kumi na mbili, jambo hilo hulijui vya kutosha au umelipunguza kupita kiasi. Rudi hatua moja nyuma.

Ukifikisha 30, weka alama kwenye yale unayoweza kuyajibu kwa kitu ulichopima, ulichofanya kwa mikono yako au ulichouliza bei yake dukani. Hapo ndipo makala zako kumi za kwanza zilipo. Yaliyobaki yasubiri mpaka ufanye utafiti, kwa sababu kunakili majibu ya wengine hakumpi mtu sababu ya kuja kwako.

Kisha washa data uangalie watu wanavyotafuta. Fungua kivinjari kwa hali fiche (Incognito) ili Google isikuletee mazoea yako, andika "kwa nini pikipiki", "jinsi ya", "bei ya", "dalili za", na usibonyeze kutafuta. Orodha inayoshuka chini ni maneno ya watu wengine. Yaandike kama yalivyo, hata yakiwa Kiswahili kilichochanganywa na Kiingereza, maana ndivyo msomaji wako atakavyokuja.

Angalia pia tofauti za mahali. Bajaji ya Dar es Salaam ni tuktuk ya Mombasa. Nyanya ya bara ni tungule Zanzibar. Neno "homa" kwa Mtanzania ni joto la mwili kupanda. Kwa Wakenya wengi ni mafua. Kama wasomaji wako wako pande zote mbili, tumia neno la kwenu kwenye kichwa na utaje la jirani ndani ya aya ya kwanza. Google itawaleta wote, na hakuna atakayejiona mgeni.

Kuandika

Makala ya kujibu swali moja hukaa vizuri kati ya maneno 700 na 1,200. Chini ya hapo mara nyingi kuna hatua umeiruka. Juu yake mara nyingi kuna maswali mawili yamejifunga pamoja, uyatenganishe.

Kosa kubwa kuliko yote liko kwenye aya ya kwanza. Tazama hii:

"Pikipiki ni chombo muhimu sana cha usafiri katika maisha yetu ya kila siku. Katika ulimwengu wa leo wa sayansi na teknolojia, watu wengi wamejiajiri kupitia pikipiki. Leo nitapenda tujifunze kuhusu tatizo la moshi."

Maneno zaidi ya ishirini na tano, na aliyesimamisha pikipiki kando ya barabara huku ikifuka moshi hajapata chochote. Sasa hii:

"Moshi wa bluu maana yake oili inaungua ndani ya silinda pamoja na petroli. Moshi ukitoka asubuhi tu injini ikiwa baridi, kisha ukakoma, shuku sili za valvu. Ukitoka muda wote, na kuzidi unapovuta mafuta, shuku ringi za pistoni. Kabla ya kumlipa fundi afungue injini, pima oili leo, upime tena baada ya kilomita 500, uone imepungua kiasi gani."

Jibu limetoka mwanzoni, na bado kuna sababu ya kuendelea kusoma: apimeje, sili zinabadilishwaje, fundi atamtoza nini. Usiogope kutoa jibu mapema. Anayelificha jibu mpaka chini humkosa msomaji kabla hajafika huko.

Kichwa cha habari nacho kifanye kazi. "Fahamu kuhusu moshi wa pikipiki" hakisemi lolote. "Pikipiki inatoa moshi wa bluu: sababu na jinsi ya kuitambua" kina herufi 59 ukihesabu na nafasi, na hicho ndicho kipimo kizuri: ukivuka 60 hivi, Google huanza kukikata kwenye matokeo yake. Neno la msingi likae mwanzoni ili likikatwa, likatwe la mwisho.

Aya ziwe fupi. Aya ya maneno 60 kwenye kompyuta ni mistari minne. Kwenye simu inakula nusu ya kioo. Weka kichwa kidogo kila baada ya aya tatu au nne, na hatua zinazofuatana zipe namba. Kila kipimo kiandikwe na kizio chake: lita, kilomita, siku, shilingi. Bei iambatane na mwezi na mahali, la sivyo baada ya mwaka mmoja inakuwa uongo.

Kama unaandika kwa simu, jambo la kwanza ni kuongeza Kiswahili kwenye kibodi na kuzima usahihishaji wa Kiingereza. Usipofanya hivyo "sana" itageuka "Santa" na "kama" itageuka "karma", tena bila kukuuliza, na utaligundua baada ya watu 200 kusoma. Alama ya juu kwenye ng'ombe na ng'oa nayo ina hila: kibodi nyingine huweka iliyopinda, nyingine iliyonyooka. Chagua moja uitumie kote, ama sivyo hata kisanduku cha kutafuta ndani ya blogu yako kinaweza kushindwa kuwapata ng'ombe wako mwenyewe.

Makala ikiisha, iache ilale. Kesho yake isome kwa sauti. Mahali ulimi unapokwama, sentensi ni ndefu au ni tafsiri.

Fanya hivyo mara kumi kabla ya kufungua blogu. Siku ya kufungua utatoa tano, na tano zilizobaki utazitoa moja kila wiki. Hiyo ni akiba ya wiki tano, na wiki tano hizo ndizo zitakazokubeba utakapougua, utakaposafiri au umeme utakapokuwa wa mgao.

Blogger au WordPress

Kuna njia tatu za kuweka blogu mtandaoni, na mbili kati yake zina jina moja, jambo linalowapoteza wengi.

Blogger ni ya Google tangu 2003. Ni bure, haina malipo ya kuhifadhi, haihitaji ukarabati, na unaweza kuunganisha anwani yako mwenyewe bila kulipa chochote zaidi ya anwani hiyo. Mapungufu yake: mionekano michache, na viungo vyake vya makala daima hubeba mwaka na mwezi.

WordPress.com ni huduma ya kampuni. Ngazi ya bure ipo, lakini huweka matangazo yao kwenye kurasa zako, na kuunganisha anwani yako kunahitaji kulipia.

WordPress unayoiweka mwenyewe, inayopatikana WordPress.org, ni programu ya bure. Ila unahitaji hostingi, yaani kukodi nafasi kwenye seva (kompyuta inayobeba tovuti), na kazi yote ya kuilinda na kuisasisha ni yako. Ndiyo yenye uhuru mkubwa kuliko zote, na ndiyo inayovamiwa zaidi mwenyewe akilala.

Ushauri wetu hauna mzunguko. Kama huna bajeti, unaandika kwa simu na huna mtu wa kompyuta wa karibu, anza na Blogger pamoja na anwani yako mwenyewe. Ukikaa mwaka mzima ukiandika kila wiki, hapo una sababu ya kuhamia WordPress, na zana za kuhamisha makala zipo. Anayetaka kuuza bidhaa au kupokea malipo kwenye tovuti tangu mwanzo aanze na WordPress yake moja kwa moja.

Ukichukua hostingi, usidanganywe na bei ya mwaka wa kwanza. Tafuta bei ya kuhuisha, ambayo kwa kampuni nyingi ni mara mbili au zaidi, na ndiyo utakayoilipa miaka yote inayofuata.

Anwani

Anwani, yaani domeini, ndiyo mali pekee utakayobaki nayo hata ukihama. Kwa hiyo usianze na jina la bure la Blogger linaloishia na blogspot.com ukisema utabadilisha baadaye: utagawa viungo kwenye makundi kwa miezi, kisha uhame navyo.

Jina liwe fupi, liandikike na mtu aliyelisikia tu redioni. Epuka vistari na namba. Epuka pia kujifunga: "pikipikiboxerdodoma" litakubana siku utakapotaka kuandika kuhusu aina nyingine. Jaribu kulitamka kwenye simu kwa mtu mwingine. Akiuliza herufi mara mbili, tafuta jingine.

Domeini ya .com huwa kati ya dola 10 na 15 kwa mwaka. Za .co.tz na .co.ke hupatikana kwa wakala waliosajiliwa, na zina faida ya kumwonyesha msomaji uko wapi. Unaponunua, hakikisha mambo matatu: jina la mmiliki ni lako wala si la fundi aliyekusaidia, barua pepe ya usajili ni unayoifungua kila siku, na una nenosiri la akaunti hiyo. Watu hupoteza anwani zao kwa sababu kijana aliyewanunulia alihama mji na kubadilisha laini. Domeini ya .com ikiisha muda haipotei siku hiyohiyo. Kuna siku za neema, kisha kipindi cha siku 30 cha kuikomboa kwa faini nzito, halafu inakuwa ya yeyote. Weka kumbukumbu kwenye simu mwezi mmoja kabla.

Kuiunganisha na Blogger ndipo wengi hukwama, kumbe ni hatua chache:

1. Kwenye mipangilio ya Blogger, sehemu ya kuchapisha, chagua domeini maalumu na uiandike ikiwa na www mbele.
2. Blogger itagoma na kukuonyesha rekodi mbili za CNAME, yaani mistari inayosema jina fulani lielekee jina gani. Hiyo si hitilafu, ndiyo maelekezo yenyewe. Ya kwanza ni www inayoelekea ghs.google.com, ya pili ina herufi na tarakimu za kwako peke yako.
3. Ingia ulikonunua domeini, fungua ukurasa wa DNS (ndipo anwani huelekezwa iende wapi), ongeza rekodi hizo mbili kama zilivyo. Kama tayari kuna rekodi nyingine ya www, ifute kwanza. Mbili haziwezi kukaa pamoja.
4. Ongeza rekodi nne za A, zinazoelekeza jina kwenye namba ya seva, kwa domeini isiyo na www: 216.239.32.21, 216.239.34.21, 216.239.36.21 na 216.239.38.21. Bila hizi, anayeandika anwani bila www atakuta ukurasa mtupu.
5. Subiri. Inaweza kuwa dakika 20, inaweza kuwa siku nzima. Usibadilishebadilishe rekodi katikati, maana kila badiliko huanzisha kusubiri upya.
6. Rudi Blogger, hifadhi tena, washa kuelekeza isiyo na www kwenda yenye www, kisha washa HTTPS (muunganisho uliofungwa kwa usalama) na kuelekeza kwake.

HTTPS ikichelewa, kivinjari kitawaonya wageni kwamba tovuti si salama. Mara nyingi hujirekebisha ndani ya saa 24. Ikizidi hapo, rudi hatua ya 3, na uangalie kama hukubandika nafasi tupu mwishoni mwa rekodi.

Mipangilio ya siku ya kwanza

Saa. Blogu mpya hupenda kuja na saa za Marekani au za UTC, saa ya kimataifa. Makala uliyoipanga itoke saa 1 asubuhi inaweza kutoka jioni, nawe unadhani mtambo umeharibika. Chagua Nairobi au Dar es Salaam; zote ni saa tatu mbele ya UTC. Na kumbuka mtambo unahesabu kizungu: saa 1 asubuhi yako ni 07:00 yake.

Lugha. Iweke Kiswahili. Ikibaki Kiingereza, kivinjari cha msomaji kinadhani ukurasa ni wa Kiingereza, na programu zinazowasomea wasioona zitayatamka maneno yako kizungu.

Kwa wa WordPress: kwenye Settings, ukurasa wa Reading, kuna kisanduku kinachoiambia Google isiorodheshe tovuti. Mafundi hukiweka alama wakati wa kujenga na kusahau kukitoa. Blogu inaweza kukaa miezi bila mgeni hata mmoja wa Google kwa sababu ya alama hiyo moja. Ukiwa hapohapo Settings, fungua Permalinks (muundo wa viungo vya makala) uchague "Post name", kabla ya makala ya kwanza kutoka. Futa makala na ukurasa wa mfano. Jina la kuingilia lisiwe "admin". Plagini, yaani programu ndogo za kuiongezea WordPress kazi, ziwe chache kadiri unavyoweza: ya nakala rudufu, ya kuharakisha kurasa, ya kuzuia taka kwenye maoni, basi. Plagini usiyoitumia ifute, usiishie kuizima tu.

Kwa wa Blogger: andika mkia wa kiungo wewe mwenyewe kabla ya kuchapisha. Ukiiachia, Blogger hukata kichwa chako mahali pasipo na maana. "moshi-wa-bluu-pikipiki" unatosha.

Andaa kurasa tatu za kudumu: Kuhusu, Mawasiliano, na Sera ya Faragha. Ukurasa wa Kuhusu useme unajua nini na umekijuaje. Namba ya simu ya kwenye Mawasiliano isiwe ile yenye pesa zako.

Picha

Simu ya kawaida leo hupiga picha ya pikseli 4000 kwa 3000, yenye MB 3 hadi 5. Weka sita kwenye makala moja, umemfanya msomaji achome MB 24 za bando kujua habari ya moshi. Atafunga kabla ya picha ya pili.

Punguza upana uwe pikseli 1200, ubora wa JPEG uwe 75 hadi 80, na kila picha itashuka chini ya KB 150 au karibu na hapo. Makala yote haitafika MB 1. Squoosh, zana ya bure inayofanya kazi ndani ya kivinjari, hukuonyesha picha kabla na baada pembeni kwa pembeni, kwa hiyo unaona mwenyewe kama umepunguza kupita kiasi. Badilisha na jina la faili: "ringi-zilizolika.jpg" badala ya mlolongo wa tarakimu, na ujaze maelezo ya picha kwa ajili ya wasioona na kwa ajili ya Google.

Jambo moja wengi hawalijui: picha ya simu inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa, kwa usahihi wa mita chache. Ukipiga picha ya pikipiki mpya uani kwako na kuipandisha ilivyo, umewapa watu ramani ya nyumbani. Zima eneo kwenye kamera. Kwa picha za zamani, njia ya haraka ni kujitumia kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, si kama hati, kisha kuipakua. Taarifa za mahali huondoka njiani na ukubwa hupungua.

Usichukue picha za Google kana kwamba ni za shamba lisilo na mwenyewe. Google inazionyesha tu, wenyewe wapo. Ukikosa ya kwako, tafuta Wikimedia Commons, usome leseni ya picha husika, na uandike jina la mpigaji pale leseni inapotaka.

Watu wa kwanza

Fungua Google Search Console, zana ya Google inayokuonyesha watu wanavyoipata blogu yako kwa kutafuta, ongeza domeini yako na uithibitishe kwa rekodi ya TXT kwenye ukurasa uleule wa DNS. Kisha wasilisha ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zako: kwa Blogger ni sitemap.xml, kwa WordPress ni wp-sitemap.xml. Usitegemee kuonekana kesho. Blogu mpya inaweza kukaa wiki kadhaa kabla ya kurasa zake kuanza kujitokeza, na anwani mpya isiyotajwa popote husubiri zaidi.

Kwa hiyo miezi ya mwanzo wageni wako watatoka WhatsApp. Ukibandika kiungo, ngoja sekunde mbili tatu mpaka picha na kichwa vijitokeze juu ya kisanduku, ndipo utume. Ukiwahi, kitakwenda kiungo kitupu ambacho hakuna atakayekibonyeza. Picha ya kwanza ya makala ikiwa nzito, haitajitokeza hata ukingoja. Juu ya kiungo andika sentensi moja yenye jibu, si "Soma hapa". Orodha ya kutangaza ya WhatsApp (broadcast) ina kikomo cha watu 256, na huwafikia tu waliohifadhi namba yako, basi waombe waihifadhi. Kwenye makundi ya watu, jibu kwanza swali la mtu hapohapo kwa maneno, halafu weka kiungo kwa anayetaka zaidi. Anayemwaga viungo tu hutolewa.

Sheria kabla ya sifa

Tanzania imekuwa na kanuni za maudhui ya mtandaoni tangu 2018. Za mwanzo ziliweka shilingi 100,000 za maombi na 1,000,000 za leseni. Kanuni hizo zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, zikiwamo za 2020, kwa hiyo usitegemee tulichoandika hapa wala alichokwambia rafiki: nenda TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ukaulize aina ya maudhui yako inahitaji leseni gani leo na kwa ada gani. Habari na matukio ya siasa ndiyo huangaliwa kwa makini zaidi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa taarifa za uongo; Kenya, sheria ya 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandao nayo inazigusa.

Fomu ya kukusanya barua pepe za wasomaji, hata ikiwa na watu 20, ni ukusanyaji wa taarifa binafsi. Kenya ina sheria yake ya 2019, Tanzania ya 2022. Chukua unachokihitaji tu, mwambie mtu utakitumiaje, na umfute akiomba.

Fedha

AdSense, huduma ya Google ya kuweka matangazo kwenye blogu na kukugawia mapato, hulipa ukifikisha dola 100. Kabla ya hapo, mapato yakifika dola 10, hutuma barua yenye PIN kwa posta, na hapa ndipo watu wa kwetu hukwama: umeandika mtaa usio na sanduku, barua haifiki. Jaza S.L.P. unayoweza kufungua, hata ya mwajiri au ya shule kwa ruhusa yao. Kabla ya kuomba, angalia kwenye orodha ya AdSense lugha zinazokubaliwa kwa sasa. Na usithubutu kuwaomba ndugu kwenye kundi la familia "wabonyeze tangazo". Mtambo huona mibonyezo inayotoka kwa watu walewale, akaunti inafungwa, na kuirudisha ni kazi kwelikweli.

Blogu ndogo yenye wasomaji sahihi hupata zaidi kwa duka la vipuri lililo mtaani kuliko kwa Google. Wasomaji 800 kwa mwezi wote wakiwa na bodaboda ni hesabu nzuri kwa muuza ringi. Mpe bei ya mwezi, si ya mbonyezo, na uandike wazi juu ya makala kwamba ni tangazo.

Isikupotee

Blogger yako ni akaunti yako ya Google: ukipoteza moja umepoteza zote mbili. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, chapisha zile namba kumi za akiba za kuingilia simu ikipotea, uziweke na vyeti vyako. Angalia namba ya simu ya kurejeshea akaunti. Laini usiyoitumia hugawiwa mtu mwingine, naye ndiye atakayepokea ujumbe wako. Ongeza akaunti ya pili unayoimiliki kama msimamizi wa blogu. Na kila tarehe mosi pakua nakala rudufu: Blogger ina kitufe chake kwenye mipangilio, WordPress itategemea plagini. Nakala isikae kwenye seva ileile ya blogu. Ijaribu walau mara moja kwa kuirudisha kwenye blogu ya majaribio.

Kusoma namba

Takwimu za ndani ya Blogger huhesabu na roboti, na huenda zikakuhesabu na wewe. Zima kuhesabiwa kwako, na usibonyeze tovuti ngeni zinazojitokeza kwenye orodha ya wanakotoka wageni. Namba za kuaminika zaidi ziko Search Console. Mwezi wa tatu fungua orodha ya maneno waliyotafuta watu, uyapange kwa nafasi yako kwenye matokeo, uchague yaliyo kati ya nafasi ya 8 na ya 20. Makala zinazojitokeza kwa maneno hayo Google imezikubali nusu. Fungua kila moja uone kama lile neno la watu limo kwenye kichwa na kwenye aya ya kwanza, kama swali lao limejibiwa au limeguswa tu, kama bei bado ni ya kweli. Rekebisha, andika tarehe ya marekebisho juu, usibadilishe kiungo. Utakuta pia maneno ambayo hukuyaandikia kabisa: mtu ametafuta "pikipiki inakula oili bila moshi" akaangukia kwako. Liandike kwenye daftari. Ni swali la thelathini na moja.